Neno la Mchungaji: Abrahamu Alikataa Kumtuma Lazaro

Masomo: Luka 16:19-31, Ayubu 13:7-10, 1 Wathesalonike 5:21



Nawasalimu wote mnaosoma jarida hili hapa kambini, na ninyi mliokwisha kuvuka bahari ambao mnalipata kwa picha za simu. Katika toleo hili nilipangiwa kuandika juu ya shukrani ya mavuno. Nimewaomba wazee wa kanisa waniruhusu niliahirishe somo hilo, kwa sababu kuna jambo ambalo nisipolisema mbele yenu wote sitakuwa na uso wa kupanda madhabahuni. Mwaka 2011 niliwahubiria vijana wa kanisa hili uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini pia sikujisumbua kujua. Nimeutambua kwa njia ambayo sikuitazamia kabisa: redio ya usiku ya Marekani, inayozungumza habari za mizimu na vyombo vya angani.

Naomba mnivumilie nieleze tangu mwanzo.

MKESHA WA MWAKA 2011

Wakubwa mnakumbuka. Kanisa lilikuwa bado ni miti na maturubai. Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, nina moto wa huduma na haraka nyingi. Ndugu mmoja aliyetoka mjini alinipa sauti kwenye kadi ya simu. Akaniambia kwamba wanasayansi wa Urusi walichimba shimo huko Siberia, kilomita 14 na zaidi kwenda chini, wakateremsha kinasa sauti, wakasikia watu wanaolia kuzimu. Nikaunganisha simu na spika za kwaya. Saa nane za usiku tukazima taa, nikaicheza sauti ile.

Mnakumbuka kelele zile, kama watu maelfu wanaungua kwa pamoja. Watoto walishika nguo za mama zao. Nami nikasema, "Hawa ni wale waliokataa Injili. Leo ni zamu yako kuchagua." Vijana 27 walikuja mbele wakilia. Niliiandika hesabu hiyo katika ripoti yangu ya mwaka, na nilijivunia.

Kati yao alikuwapo binti wa miaka 14. Baba yake aliuawa Rutshuru mwaka 2008, jamaa yao ilipokuwa ikikimbia. Alikuwa mtu mwema kwa watoto wake, lakini kanisani hakuingia. Habari hiyo niliijua. Usiku ule sikuiwaza.

Mwaka 2017 binti huyo na mama yake walisafirishwa kwenda Marekani. Leo anafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, jimbo la Iowa. Mwenzake wa kazi, mzee Mmarekani, humbeba katika gari lake, naye ni mpenzi mkubwa wa kipindi cha redio kinachoitwa Coast to Coast AM. Njiani hufungulia kipindi hicho, au kanda zake za miaka ya zamani. Usiku mmoja binti akasikia garini sauti ile ile ya mkesha wetu. Akairekodi, akanitumia, na chini yake akaandika: "Papa Mchungaji, ni ile. Kumbe hata Wamarekani wanaijua. Baba yangu bado yuko mle?"

Wapendwa, nilikaa na simu ile mkononi mpaka uji ukapoa. Miaka yote hiyo mtoto yule alikuwa akizisikiliza kelele zile kichwani mwake, akitafuta ndani yake sauti ya baba yake.

WIKI MOJA YA REDIO

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anitumie kwa wiki moja kila anachokisikia garini, ili nijue mtoto wangu wa kiroho amekuwa akila chakula gani. Akanitumia kanda sita, moja kila siku. Nilizisikiliza nje ya nyumba, kwenye kigoda, na daftari langu.

Jambo la kwanza nililoliona ni hili. Kipindi hicho hurushwa usiku wa manane; kule aliko binti yetu huanza saa sita za usiku na kwisha saa kumi alfajiri. Saa hizo hapa kwetu ni asubuhi, jua limekwisha kupanda. Nikawa nasikiliza habari za kutisha huku kuku wanaparua, akina mama wanagombea foleni ya maji, na watoto wanaenda shule. Hadithi inayomfanya mtu aangalie nyuma yake gizani, ukiisikiliza juani hupungua uzito. Nikajiambia: kumbe hata mimi mwaka 2011 nilihitaji taa zizimwe.

Kipindi hicho kilianzishwa na Art Bell, mtangazaji wa Las Vegas, ambaye baadaye alitangaza kutoka nyumbani kwake Pahrump, mji mdogo wa jangwani huko Nevada. Aliacha laini za simu wazi, mtu yeyote apige, bila kuchujwa kwanza. Mwaka 2003 George Noory alichukua nafasi yake, na Art Bell alifariki mwaka 2018. Wasikilizaji wake ni madereva wa malori, walinzi, wauguzi wa zamu na watu wasiopata usingizi. Hayo ndiyo niliyojifunza kwanza. Sasa nieleze kanda zenyewe.

Jumatatu. Kanda ya mwaka 1997. Mtu aliyejiita Mel alisema ana shimo lisilo na mwisho karibu na mji wa Ellensburg, jimbo la Washington. Alidai ameteremsha kamba futi zaidi ya 80,000 asifike chini, na kwamba mbwa aliyekufa akatupwa humo alionekana tena akiwa hai. Watu wamelitafuta shimo hilo miaka mingi, hakuna aliyelionyesha. Niliandika katika daftari: mtu anapokosa tumaini la ufufuo, atalitafuta hata shimoni.

Jumanne. Kanda ya tarehe 11 Septemba 1997. Mtu alipiga simu akilia, akisema alifanya kazi katika kambi ya siri ya jeshi iitwayo Area 51, na kwamba anawindwa. Katikati ya maneno yake matangazo yakakatika kwa muda wa nusu saa hivi. Fikirini hofu ya wasikilizaji! Lakini mwaka 1998 mtu mmoja alipiga tena akasema ndiye yule, na kwamba alikuwa akiigiza. Binti yetu alisikia kilio. Habari ya kuigiza hakuwahi kuisikia. Ndivyo mambo yalivyo. Uongo hutembea na spika, masahihisho hutembea kwa miguu.

Jumatano. Hii iliniumiza. Novemba 1996 mtu mmoja wa Houston aliyependa kuangalia nyota aliambia kipindi hicho kwamba amepiga picha ya nyota yenye mkia ya Hale-Bopp, akaona kitu kikubwa kinaifuata. Wataalamu wa anga walieleza upesi kwamba kitu hicho ni nyota ya kawaida. Lakini neno lilikwisha kuenea kwamba chombo kinakuja. Machi 1997, karibu na San Diego, watu 39 wa kundi la Heaven's Gate walijiua wote, wakiamini chombo kile kimekuja kuwachukua. Ni haki niseme kwamba kundi hilo lilikuwapo tangu miaka ya 1970, lina mafundisho yake na kiongozi wake. Si redio iliyowaua. Hata hivyo mtu anayesubiri kuambiwa "saa imefika" hahitaji ushahidi mwingi.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Kanungu haiko mbali na hapa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada, baada ya kungoja mwisho wa dunia uliotabiriwa na viongozi wao na haukuja. Na mwaka 2023 kule Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Wale walikuwa na Biblia mkononi kama sisi.

Alhamisi. Watu walipiga simu mmoja baada ya mwingine kueleza "watu wa kivuli": mtu anaamka, hawezi kusogeza mkono wala mguu, hawezi kupiga kelele, na kivuli kimesimama mlangoni au kimemkalia kifuani. Binti yetu aliongeza ujumbe: "Na mimi kinanijia." Wapendwa, wengi wenu mmekuja ofisini kwangu na habari hiyo hiyo. Wahenga walisema mtu amekabwa na jinamizi. Waganga wa hospitali wanaieleza vizuri: tunapoota, mwili hufungwa usitembee, mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto huendelea macho yakiwa wazi. Huwapata zaidi watu wasiolala vya kutosha, watu wa zamu za usiku, na watu waliopita katika vita na kuona damu. Hupita baada ya muda mfupi. Kabla hujamwita mtu akufukuzie pepo, na kabla hujamtaja jirani yako mzee kuwa ndiye aliyekuja usiku, jiulize umelala saa ngapi na umebeba nini moyoni. Omba, maana maombi yanatuliza moyo. Lakini usimpachike mama mzee wa watu jina la mchawi kwa sababu ya misuli yako iliyochelewa kuamka.

Ijumaa. Kanda ya tarehe 31 Oktoba, siku ambayo Wamarekani hufanya mchezo wa mizimu. Kila mwaka usiku huo kipindi huacha mambo mengine na kupokea hadithi za wafu tu. Nilitegemea kukasirika. Badala yake nilisikia mwanamke anaeleza kwamba amemwona mume wake marehemu jikoni, na mtangazaji hakumcheka wala kumkemea. Alimwachia amalize. Nikatulia. Nikajiuliza: mjane wa hapa kwetu anayemwona mume wake usiku, anampigia nani? Akija kanisani, tunamwachia amalize, au tunamkatiza kwa kumwekea mikono na kupaza sauti? Ndugu zangu, siungi mkono kuwaita wafu. Sauli alikwenda Endori usiku, na hakupata faraja yoyote huko (1 Samweli 28). Nabii Isaya aliwashangaa watu walio na Mungu wao lakini wanaulizia kwa wafu habari za walio hai (Isaya 8:19). Lakini mtu haendi Endori kama mlango wa nyumbani uko wazi. Sauli alikwenda baada ya kukosa jibu kila mahali.

Jumamosi. Nikairudia ile sauti ya kuzimu.

NUSU SIKU YA KUTAFUTA UKWELI

Safari hii sikuizimia taa. Nilimwita mpwa wangu mwenye simu nzuri, nikanunua bando, nikampigia pia mwalimu wangu wa zamani wa chuo. Ilinichukua nusu siku kujua yafuatayo.

Shimo la kweli lipo, ila haliko Siberia. Liko rasi ya Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi, karibu na mpaka wa Norway. Warusi walianza kulichimba mwaka 1970, na mwaka 1989 lilifika mita 12,262. Ndilo refu kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu kwenda chini. Mdomo wake hauzidi upana wa sahani ya chakula. Chini joto lilikuwa nyuzi 180, nalo ndilo lililowazuia kuendelea. Walichotoa huko ni mawe na habari za mawe.

Hadithi yetu inasema kilomita 14.4 na joto la nyuzi 1,100. Kina hicho hawakukifikia. Na ninyi ndugu zetu mliotoka Katanga mnajua jambo hili kuliko mimi: shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kinasa sauti kile chenye nyaya zake kingekuwa uji kabla ya kunasa hata neno moja. Miongoni mwenu wako waliofanya kazi kwenye tanuru. Laiti ningewauliza!

Je, nani aliieneza? Hapa ndipo nilipoinamisha kichwa. Ilieneazwa na Wakristo. Ilichapishwa katika jarida la Kikristo huko Ufini, kisha mwaka 1989 televisheni kubwa ya Kikristo ya Marekani, TBN, ikaitangaza kama ushahidi. Mwalimu mmoja Mnorwe aliyekuwa akitembelea Marekani aliisikia, akashangaa jinsi watu wanavyoamini upesi. Akawaandikia kwamba habari hiyo ni kweli, akaiongezea kiumbe chenye mabawa kilichoruka kutoka shimoni, akaambatanisha habari ya gazeti la Kinorwe aliyojifanya kuitafsiri. Gazeti lile lilikuwa linaeleza mambo ya mkaguzi wa majengo. Akaweka na namba za simu, ili atakayepiga kuuliza aambiwe ukweli. Hadithi ilienezwa pamoja na mabawa yake. Kuhakikisha kungegharimu simu moja tu.

Na sauti yenyewe? Ilikuja baadaye, ikachezwa hata katika redio ile ya usiku. Waliochunguza walikuta imetokana na sinema ya kutisha ya mwaka 1972 iitwayo Baron Blood, ikachanganywa na kurudiwa-rudiwa.

Nusu siku, wapendwa. Tangu mwaka 2011 sikuwa nimeitafuta nusu siku.

NENO LA MUNGU LINASEMAJE?

Tufungue Luka 16. Tajiri yuko mahali pa mateso. Anaomba mambo mawili. La kwanza, tone la maji. La pili, kwamba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano walio hai, awaonye wasije pale. Ni ombi linaloonekana jema, hata la kiinjilisti! Lakini Abrahamu analikataa. Anasema wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Tajiri anabisha kwamba mtu akitoka kwa wafu watatubu. Abrahamu anajibu kwamba asiyemsikia Musa na manabii hatashawishika hata mtu akifufuka.

Angalieni vizuri. Katika habari hii, ni nani anayetaka watu watishwe kwa ujumbe kutoka mahali pa mateso? Ni tajiri. Ni nani anayekataa? Ni Abrahamu, na anayesimulia ni Bwana Yesu mwenyewe. Mwaka 2011 mimi nilisimama upande wa tajiri. Kile Abrahamu alichokataa kuwapelekea ndugu watano, mimi niliwapelekea vijana wa kanisa zima, tena kwa spika.

Tufungue pia Ayubu 13. Ayubu anawauliza rafiki zake kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, kana kwamba Mungu anahitaji watetezi wa namna hiyo. Anawaonya kwamba Mungu atawakemea. Na mwisho wa kitabu, katika sura ya 42, hasira ya Mungu inawaka juu ya rafiki hao waliojifanya kumtetea. Mungu hahitaji uongo wetu. Ukweli wake una miguu ya kutosha.

Mtu asiseme kwamba mchungaji sasa anafundisha jehanamu haipo. Bwana Yesu alinena habari zake waziwazi, na neno lake linanitosha. Ndiyo maana kanda ile ilikuwa dhambi mara mbili: ilikuwa ya uongo, na ilionyesha kwamba mimi mwenyewe sikuliona neno la Yesu kuwa linatosha.

NILIVYOZUNGUMZA NAYE

Jumapili baada ya ibada nilimpigia. Kwake kulikuwa kunapambazuka, alikuwa ametoka kazini.

Nikamwambia, "Binti yangu, sauti ile ni ya sinema. Baba yako hayumo mle. Hakuna mtu yeyote mle. Ni mashine tu. Mimi ndiye niliyekudanganya, naomba unisamehe."

Akanyamaza muda mrefu, nikasikia analia. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejitayarisha nalo: "Na wokovu wangu, Papa Mchungaji? Nilikuja mbele kwa sababu ya kanda ile. Nao ni wa sinema?"

Nilimjibu hivi, na nawajibu wenzake wote mliokuja mbele usiku ule. Paulo alikuwa kifungoni, akasikia kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa nia mbaya. Hakusema waliosikia wameokolewa bure. Alifurahi kwamba Kristo anahubiriwa (Wafilipi 1:15-18). Kanda ilikuwa ya uongo, lakini jina uliloliita si la uongo. Hukuahidiwa na kanda, uliahidiwa na Yesu. Mimi nilikuletea kwa mlango mbaya. Yeye aliyekupokea ndani hakukupokea kwa sababu ya mlango. Hilo lakini si udhuru wangu. Nitalitolea hesabu.

Kuhusu baba yake nilimwambia kwamba funguo za mauti na kuzimu ziko mkononi mwa Yesu (Ufunuo 1:18). Hazikupewa mchungaji, wala redio, wala mtu mwenye kinasa sauti. Mkono huo una kovu la msumari. Abrahamu aliamini kwamba Mhukumu wa dunia yote hawezi kukosa kutenda haki (Mwanzo 18:25). Mweke baba yako pale, nami nitamweka baba yangu pale pale.

Akasema, "Nimekusikia. Lakini uwaambie na wengine. Tulikuwa 27."

Basi ndiyo sababu ya barua hii. Kati ya wale 27, wengine mko hapa na mna watoto. Wengine mko Kyangwali, Nairobi, Kentucky, Kanada. Wawili wamelala katika Bwana. Nawaomba msamaha mmoja mmoja. Atakayeiona barua hii ampelekee mwenzake, kwa upesi ule ule tunaopelekeana mambo ya ajabu.

MAMBO MATATU YA KUSHIKA

1. Sauti isiyo na mwenyewe isiingie nyumbani mwako bila kuulizwa. Mtume Paulo anatuagiza tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Kujaribu maana yake ni kuuliza: Nani amesema? Aliona mwenyewe? Lini na wapi? Nani anafaidika nikiamini? Sisi watu wa Maziwa Makuu tunapaswa kuwa walimu wa jambo hili. Tunajua redio RTLM ilifanya nini Rwanda mwaka 1994, hata mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ikawatia hatiani baadhi ya waanzilishi wake mwaka 2003. Na leo mnajua sauti zinazozunguka kwenye simu zetu. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, jamaa nyingi zilizokuwa zimefunga mabegi zimebaki njia panda. Ndipo zinakuja sauti: "Ndege zimefunguliwa, tuma pesa jina lako liwekwe." Mama mmoja wa kanisa letu ameuza cherehani yake kwa sauti ya namna hiyo. Anayezoea kuamini kelele za shimoni ataamini na hizo. Kabla hujatuma pesa, njoo kwa wazee, twende pamoja ofisini kuuliza.

2. Hofu si mwinjilisti. Humleta mtu mbele usiku mmoja, halafu humnyima usingizi miaka kumi na zaidi. Wanafunzi walipomwona Yesu juu ya maji, zamu ya nne ya usiku, walipiga kelele wakidhani ni mzimu (Mathayo 14). Angeweza kuitumia hofu ile kuwafundisha. Hakufanya hivyo. Alisema nao mara moja, akawaambia ni Yeye, wasiogope. Na baada ya kufufuka walipodhani wanaona roho, aliwaonyesha mikono na miguu, akaomba chakula, akala samaki mbele yao (Luka 24). Bwana wetu hachukii kuhakikishwa. Kutoka sasa hapa kanisani hatutacheza wala kusoma ushuhuda wa ajabu ambao wazee hawajauulizia ulikotoka.

3. Tufungue mlango wa usiku. Redio ile ina makosa mengi, lakini ina jambo moja tulilolikosa: saa nane za usiku, mtu mpweke akipiga, anapokelewa. Humu kambini wako watu wanaoogopa giza kuliko njaa, kwa sababu gizani ndipo wafu wao hurudi. Tumekubaliana na akina mama wa maombi na mashemasi kwamba kila kijiji kitakuwa na watu wawili ambao unaweza kubisha mlango wao saa yoyote. Hawatakuambia una pepo. Watawasha taa, watachemsha maji, watakuacha umalize kusema, kisha wataomba nawe. Anayehitaji daktari watamsindikiza kesho yake. Majina yao yamebandikwa mlangoni pa kanisa.

Binti yetu bado halali vizuri. Msamaha hautibu mwili kwa siku moja. Mama mmoja wa hapa humpigia kila Alhamisi anapotoka zamu, wanaimba pamoja wimbo mmoja kwa simu, kisha analala. Amesema amemwomba yule mzee wa gari wazime redio wanapokaribia nyumbani, naye mzee amekubali. Akamweleza pia kwamba hata yeye hufungulia kwa sababu, tangu mke wake afariki, nyumba ni kimya mno. Sasa tunamwombea naye.

TUOMBE

Ee Baba, utusamehe tuliokutetea kwa uongo. Uwaponye walioumizwa na sauti zetu. Uwape usingizi wanaokesha kwa hofu, walio hapa na walio ng'ambo. Wafu wetu tuliowaacha bila kaburi, uwakumbuke wewe uliye na funguo. Utupe masikio ya kuwasikia Musa na manabii, na zaidi ya wote Mwanao, aliyefufuka kweli. Katika jina la Yesu. Amina.

Ndimi mtumishi wenu na mkimbizi mwenzenu,
Mchungaji